Meseji Ile Niliiandika Mimi

Nina Hiace moja inayopiga ruti ya Tabora na Urambo, na nusu ya Canter. Nusu nyingine ni ya shemeji yangu. Canter inapakia mchele kwenda Kigoma na kurudi na mawese na dagaa. Mimi mwenyewe siendeshi, leseni yangu ni ya kuendea sokoni tu. Kwa hiyo dereva yeyote akiniambia mambo ya usukani niwaachie wenyewe, ana haki. Ila leo nazungumzia upande wangu, yaani upande wa anayemtumia meseji dereva aliye barabarani.

Siku hiyo gari ilitoka Urambo saa nane mchana. Hesabu ya jana yake, yaani pesa anayoniletea dereva kila siku, ilikuwa pungufu, bima inakaribia kuisha, na nilikuwa nimeamka vibaya. Nimekaa barazani nachambua mchele, simu iko kwenye ungo. Nikaandika, "Umefika wapi? Mbona kimya?" Kimya kikaendelea. Nikaongeza, "Hesabu ya jana imekaaje?"

Aliyenipigia baadaye hakuwa dereva, alikuwa konda. Gari imemgonga mzee wa mkaa.

Ukitoka Ndono kuja mjini, baiskeli za mkaa na kuni huzikosi. Mzee alikuwa anaisukuma ya kwake kwa miguu, pembeni kabisa, magunia mawili yamefungwa kwa mpira nyuma. Kioo cha kushoto cha Hiace kikanasa gunia, baiskeli ikamwangukia, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Nilipofika kwa bodaboda, mkaa ulikuwa umetapakaa hadi kwenye majani na watoto wameshaanza kuokota. Konda akanipa simu ya dereva niishike wakati mwenyewe anahojiwa na trafiki. Haikuwa na loki. Nikagusa kioo, ikafunguka palepale alipoiachia. Meseji zangu mbili ziko juu. Chini, kwenye sehemu ya kuandikia, alikuwa ameanza kunijibu: "Nipo nd"

Sijui kama ilikuwa "Nipo Ndono" au "Nipo ndani ya gari, mama." Sikumuuliza.

Nililipia matibabu, nikanunua baiskeli nyingine, nikalipa na mkaa. Dereva alilaumiwa na kila aliyesimama pale, na alistahili. Lakini hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa nataka nini mchana ule kwa mtu ninayejua kabisa yuko barabarani.

Basi ushauri wangu ni huo, na ukichoka kusoma ishia hapa: kama unajua yuko kwenye usukani, usimwandikie. Usijitetee kwamba atasoma akifika. Dereva wa kuajiriwa haachi meseji ya bosi ikae. Pale stendi kuna madeiwaka wanne, madereva wa kushikia gari kwa siku, wamekaa kwenye benchi wanasubiri mwenzao akosane na mwenye gari. Yeye analijua hilo, na wewe unajua kwamba analijua. Meseji yako kwake haisomeki kama swali.

Mwanzoni sikuelewa hivyo. Nilidhani tatizo ni nidhamu, nikatangaza faini: nikisikia umeshika simu ukiendesha, elfu kumi inatoka kwenye posho. Matokeo yake simu ilihama. Zamani ilikuwa inakaa juu, karibu na kioo, sasa ikashuka mapajani ili abiria wasiione. Hapo nilikuwa nimeharibu zaidi, maana ikiwa juu macho walau yako jirani na barabara, ikiwa mapajani kichwa kinainama chote. Na kumtegemea konda aje kushitaki ni kujidanganya. Wanakula sahani moja wale.

Kilichomwingia dereva wangu hakikuwa faini, ilikuwa ni kutembea. Jioni moja nilikuwa nimekaa na kijana wangu wa sekondari, nikamwomba anipigie hesabu. Gari iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa inakata mita 22 na kitu kila sekunde. Meseji yangu ile, kuifungua na kuisoma na kuelewa kwamba mama amekasirika, ni kama sekunde tano. Mita 110. Kesho yake nikamwita dereva chini ya mwembe pale karibu na stendi, nikamwambia tupige hatua kubwa kubwa, tuhesabu 110. Alicheka, akadhani ni utani. Tukampita fundi baiskeli, tukapita genge la nyanya, tukapita kijana wa vocha, mama wa mihogo, watoto wawili wanacheza gololi, mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Kufika 90 alikuwa ameacha kucheka. Kwenye 110 tulikuwa tumeshaingia kwa mama ntilie, tukageuka kuutazama ule mwembe. Nikamwambia hapo kote ulikuwa huoni. Hakusema kitu. Tukaagiza chai.

Hata ukiwa kwenye kibao cha 50 ni karibu mita 14 kila sekunde, na vibao vya 50 viko hasa pale penye watoto na mbuzi.

Baada ya hapo ndiyo tukakaa kupanga, mimi, dereva na konda. Wazo langu lilikuwa rahisi: dereva akiwasha gari, simu anashika konda. Dereva akakataa katakata. Nikasema kwa nini, akaangalia chini, konda akaanza kucheka, nikaelewa. Mtu mzima ana meseji zake. Sitaki kuzijua na konda hana haja ya kuzijua. Kwa hiyo nikanunua kitochi, kile cha vitufe, laini yake ikawa ya gari. Kinakaa kwa konda. Mwenye mzigo, mwenye abiria wa Urambo, mimi mwenyewe, wote tunapiga hapo. Simu ya dereva inawekwa Usinisumbue, inaingia kwenye kopo la Blue Band lenye mfuniko, kopo linakaa chini ya kiti cha konda. Mfuniko una kazi yake. Simu iliyo wazi, hata ikizimwa mlio, inawaka mwanga, na mwanga unaita. Ndani ya kopo haimwiti mtu.

Najua iPhone tangu 2017 zina mpangilio wa kumjibu mtu zenyewe kwamba mwenye simu anaendesha. Jambo zuri. Madereva wangu wana Tecno na kopo.

Upande wangu nilijiwekea saa. Kitochi kinanitumia meseji gari ikiondoka na ikifika, basi. Katikati hapo nina kama saa moja na nusu ya kuvumilia. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, nikiri. Nilikuwa nashika simu naiweka, naishika tena. Mume wangu akaniambia afadhali ningekuwa navuta sigara.

Kuna jambo moja ambalo wenye magari hatupendi kulisema. Simu ya dereva haimuiti bosi na mke tu, kuna yale magrupu ya WhatsApp ya kuambiana tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, iko wapi. "Leo wapo kabla ya daraja." "Wamehama, wako kwenye miti." Dereva anasoma simu ili asipigwe tochi, yaani anafumba macho mita mia ili kukwepa faini. Na wengine tuliyafurahia hayo magrupu, maana faini mara nyingi inarudi kwetu. Nilimwambia wangu ajitoe. Alilalamika kwamba atakamatwa. Nikamwambia kwenye 50 tembea 50, na ukikamatwa na 50 yako nitalipa mimi. Sijalipa bado. Mabasi makubwa yana kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachoonyesha mwendo, na kimesaidia, lakini kinaona mwendo tu, macho ya dereva hakiyaoni.

Canter ni habari nyingine, kwa sababu dereva wake mara nyingi yuko peke yake na safari ni ndefu: Urambo, Kaliua, anavuka Malagarasi, Uvinza, mpaka Kigoma. Huyu ni mtu mzima kuliko mimi, namwita baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho nisingekijua nikiwa barazani. Kuna vipande vya porini mtandao unakatika, na ukirudi meseji zote zinaingia kwa mpigo, ting ting ting ting, kumi au kumi na tano. Anasema hapo ndipo mkono unapokwenda wenyewe, maana moyo unakuambia kuna jambo limetokea nyumbani. Kumbe ni mtandao wa simu unamtangazia bando. Dawa yake ni kijiji. Akishaingia kijijini anatafuta sehemu ya wazi, anatoka nje ya lami kabisa, anazima injini, anasoma zote mara moja, anajibu, anakojoa, anaondoka. Hasimami kwenye kona na hasimami juu ya lami, hata kwa dakika moja.

Wengi wataniambia kuna vidude vya masikioni, au mtume tu sauti. Sikubaliani sana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu yuko karibu mara nne zaidi kwenye hatari ya ajali, na kwamba kuongea bila kushika simu si salama kiasi watu wanachodhani. Mikono iko huru lakini akili iko kwenye hesabu ya jana. Na sauti ya WhatsApp bado unaitafuta na kuibonyeza. Bodaboda wetu wanaochomeka simu ndani ya helmeti huku wanabishana na mteja, hao sina la kuwaambia. Nilishashuka njiani mara mbili nikatembea.

Kwa abiria wa kiti cha mbele: dereva akishika simu usimpigie kelele, hasa ukiwa mwanamke, atakujibu ovyo na gari zima litacheka. Mwambie, "Kaka, nipe nikusomee." Nimelijaribu mara nyingi. Wengine wanakupa kweli, unamsomea, unamjibia. Wengi wanaona aibu kukupa, basi wanaiweka.

Wiki iliyopita Canter ilichelewa. Ilitakiwa kuwa imefika Kigoma saa kumi na mbili jioni. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Shemeji akanipigia, "Mtafute basi." Nikasema hapana. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa tatu kasoro akapiga dereva mwenyewe: tairi lilipasuka baada ya Malagarasi, ameshabadilisha, amepaki Uvinza, atalala hapo.

"Mbona hukunitafuta, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikuwa naosha vyombo.