Rangi Iachwe, Gari Liendeshwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu aliye na gari la zamani ambalo halijawahi kukarabatiwa afanye nini? Alitunze lilivyo, aliendeshe, au alibadilishe liende na wakati? Mimi nasema rangi yake isiguswe, na gari lenyewe litoke barabarani kila wiki. Sioni kwa nini mambo hayo mawili yagombane.

Ninayo Peugeot 504 ya mwaka 1979, ile ndefu ya safu tatu za viti, iliyounganishwa Mombasa. Marehemu baba aliitumia kubeba abiria wa Nairobi na Nakuru, enzi zile ukisema umepanda Peugeot hakuna aliyekuuliza ni ya nani. Iliacha kazi hiyo kabla ya sheria za Michuki za mwaka 2004, zile za waziri wa uchukuzi zilizolazimisha magari ya abiria kuchorwa mstari wa manjano, ndiyo maana yangu hana mstari huo. Krimu yake ni ya kiwandani. Juu ya mlango wa nyuma wa kushoto rangi imekwisha kabisa na bati limelainika, kwa sababu hapo ndipo makanga walipojishikilia wakininginia na kupiga bati gari liondoke. Ukipitisha kidole utahisi ukingo mahali rangi inapoishia. Kwenye kingo za paa zipo alama za miguu ya keria, na kiti cha dereva kimelika upande wa mlangoni, aliposhukia baba.

Kila fundi wa bodi akiiona huniambia, "Madam, hii tukiipiga puti kidogo na rangi itakuwa mpya." Najua itakuwa mpya. Lakini hizo alama ndizo ushahidi wa namna nchi hii ilivyosafiri, na msasa ukipita mara moja zimekwenda. Kutu ninaipinga, tena kwa bidii: lile bati lililo wazi nalipaka nta, na chini ya gari napulizia dawa. Kuzuia uharibifu ni jambo moja, kufuta historia ni jingine. Nawaheshimu sana wanaoandaa magari kwa ajili ya Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, ambapo majaji huchungulia hadi chini ya gari. Ni kazi ya mikono ya ajabu. Ninachoomba ni kwamba gari ambalo bado lina ngozi yake ya kuzaliwa lisichunwe ili lifanane na hayo.

Sasa kuhusu kuendesha. Wapo wanaoamini kwamba gari la zamani hulindwa kwa kufunikwa turubai. Turubai haizuii chochote. Petroli ikikaa hugeuka gundi na kuziba jeti (vitundu) za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, tangi hushika kutu kwa ndani, mipira ya breki hukauka, pistoni za breki hukwama, na panya huhamia kwenye nyaya. Gari hili ni ndugu ya zile 504 zilizoshinda Safari Rally, Ove Andersson mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 na ile ya injini ya V6. Lilitengenezwa kwa ajili ya vumbi na mashimo.

Tena kuna ujuzi wa mafundi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi mno huku, plagi zikawa nyeusi tititi. Mzee anayenitengenezea gari karibu na Kirinyaga Road hurekebisha kwa sikio: anageuza skrubu robo, anasikiliza, anarudisha kidogo. Vijana wake wamezoea kuchomeka mashine isome hitilafu. Watajifunza wapi kurekebisha pointi za distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, kama sote tumefungia magari nyumbani? Na kwa kuwa sheria hairuhusu kuagiza magari yaliyozidi miaka 8, haya tuliyo nayo ndiyo hayo.

Kubadilisha nakubali, kwa masharti. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, na kwa kuwa risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu, injini nyingi za zamani zenye hedi ya chuma zilihitaji viti vigumu zaidi ili visilike. Hilo ni lazima. Mikanda ya usalama kwenye viti vya nyuma niliiweka bila kutoboa tundu jipya, na redio ya zamani imo kwenye sanduku pamoja na skrubu zake. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linashauri hivyo hivyo katika mkataba wake wa Turin: badiliko liwe dogo, liandikwe, na liweze kuondolewa.

Kulitia injini ya Toyota na kushusha springi, hapana, si kwa gari ambalo bado ni zima. Anayependa mtindo huo, na sina ubaya naye, atafute gari ambalo injini yake ilishauzwa vipande vipande, kiti hakuna, dashibodi hakuna. Huyo atakuwa ameokoa kitu.

Nina ombi moja kwenu, Mhariri. Katika toleo lijalo, waulizeni wasomaji ni mafundi gani hapa mjini bado wanafungua kabureta na distributa, na kama wenyewe wameridhia, chapisheni wanapopatikana. Wengi wetu tunao uwezo wa kuyatunza magari haya, tatizo ni kumpata wa kutushikia spana.