Miwani ya uhalisia pepe kwa somo la jenetiki

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama miwani hii, inayomfanya mtu aone kama yuko ndani ya picha, itawafaa vijana wako wa kidato cha nne kwenye jenetiki, na shule haina fedha. Itafaa, ila si kwa kila mada. Mambo ya Mendel, yaani jinsi sifa zinavyorithiwa, kama kuchanganya Tt na tt, chaki inayamaliza vizuri tu.

Ningeanza na selimundu, kwa kuwa wengi wana ndugu au jirani mwenye ugonjwa huo. Waache wazunguke ndani ya modeli ya DNA, kisha wavue miwani uwaandikie ubaoni: GAG, herufi tatu za DNA, imekuwa GTG. Herufi moja tu kwenye jeni ya hemoglobini, kromosomu ya 11, na chembe nyekundu ya damu inajipinda kama mundu. Waulize pia kwa nini modeli imepakwa rangi wakati besi zenyewe, yaani zile herufi za DNA, hazina rangi hizo. Hapo ndipo wanapojifunza teknolojia kwa kweli, siyo kwa kushangaa picha.

Miwani ya boksi, kama Google Cardboard, inatumia simu ya kawaida. Kabla hujanunua, fungua video ya nyuzi 360 kwenye simu, kisha uigeuze huku na huku. Picha isipofuata, huenda simu hiyo haina jairoskopu, yaani kihisi kinachotambua simu inavyogeuzwa, tafuta nyingine.

Wavae wakiwa wameketi, dakika tano kila mmoja. Wapo watakaopata kizunguzungu, usiwalazimishe.