Nimesaini wosia wa mama, na nyumba kaniachia mimi

Shangazi, mama yangu anaumwa. Mwezi uliopita aliniita akanitajia nani apate nini, nami nikaandika. Nyumba kaniachia mimi ninayemuuguza. Akaweka dole gumba, mimi na mume wangu tukasaini kama mashahidi. Kaka zangu hawajui. Je, wosia huu unasimama?
Binti wa Pekee

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Dole gumba halikunishtua. Asiyeweza kusaini huweka alama yake, mradi asomewe wosia kwanza na aonekane ameuelewa. Kilichonishtua ni jina lako na la mumeo pale chini.

Katika nchi nyingi, shahidi wa wosia hatakiwi kuwa mrithi, wala mume au mke wa mrithi. Mara nyingi wosia wenyewe haufi. Kinachokufa ni kile alichoachiwa shahidi. Kwa hiyo nyumba hiyohiyo ndiyo inayoweza kukuponyoka, kwa saini yako mwenyewe. Tena mwandiko ni wako: kaka zako watasema ulimshinikiza mama.

Mama bado yupo na anajitambua, basi iteni wakili nyumbani wiki hii. Akifika, wewe toka chumbani, mama aseme mwenyewe. Mashahidi wawe watu wazima wawili wasiorithi chochote, wawepo wote pamoja anapoweka dole, kisha nao wasaini mbele yake. Yaliyoandikwa si lazima wayajue. Siku hiyohiyo daktari athibitishe kwa maandishi kuwa ana akili timamu, yaani anaelewa kuwa anaacha wosia, anajua mali yake na anawajua watu wake. Wosia mpya uwe na tarehe, utamke kuwa unafuta ule wa kwanza.

Kama ni Mwislamu, wakili aambiwe mapema: wosia hauvuki theluthi ya mali, na kwa madhehebu mengi mtoto anayerithi haongezewi mpaka warithi wenzake waridhie.

Mtekelezaji wa wosia ni jambo lingine, watu huchanganya. Huyo ndiye hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa, na kwa kawaida mrithi anaruhusiwa. Ningependa mama akuteue wewe pamoja na kaka yako mmoja.

Wosia halisi ukae kwa wakili. Stepla isibanduliwe hata kwa kutoa kopi. Matundu yake huzua maneno kwamba kuna ukurasa umenyofolewa. Na habari ya nyumba, kaka zako waisikie kinywani mwa mama, angali anaweza kuwajibu.