Shangazi, nipige picha meseji zake nizipeleke kortini?

Dada mmoja wa Busia, upande wetu wa Uganda, ameniandikia saa saba usiku. Ameishi na mwanaume miaka tisa, hakuna mahari, hakuna kanisa, wamezaa mtoto mmoja na wamejenga vyumba sita vya kupangisha kwa hela ya duka lake la mitumba. Kiwanja kiliandikwa jina la mwanaume peke yake. Sasa jamaa ameondoka, anasema dada hamdai kitu. Lakini simu yake ya zamani ilibaki, mtoto anachezea gemu, na WhatsApp ya baba bado inafunguka humo, dada kaona jamaa anamwambia kaka yake "hela ya bati ilikuwa yake lakini karatasi hana." Anauliza: nizipige picha nimpelekee wakili?

Mwanangu, pole sana, kusoma maneno kama hayo peke yako usiku si mchezo. Lakini hiyo simu iache kuifungua, kuanzia leo. Katiba yetu kifungu cha 27 inalinda mawasiliano ya mtu, hata mtu aliyekukosea, alafu kuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kosa. Utaenda kudai vyumba, yeye akufungulie faili polisi, na kesi yote igeuke ya kwako.

Ambacho hujakiona ni kwamba ushahidi wako mwenyewe ni mwingi kuliko unavyodhani. Meseji alizokutumia WEWE ni zako, hukumwibia mtu. Ile aliyokuandikia "bati imefika, tuma ya fundi" nenda kaitafute, usifute hata moja, hata zile zenye matusi yako mwenyewe, maana ukichagua chagua wakili wake ataomba mazungumzo yote na wewe utaonekana umeficha. Usikate skrinishoti ukaacha tarehe nje. Simu yako usiiuze, sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inaruhusu meseji kortini lakini hakimu anaangalia imetunzwaje. Alafu nenda ofisi ya kampuni ya simu na kitambulisho, uombe steitimenti ya mobail mani, kila shilingi uliyomtumia iko pale na siku yake. Risiti za simenti, fundi, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) aliyekuona ukilipa mchanga, hao wote ni mashahidi.

Na zile za kaka yake? Wakili anaweza kuomba mahakama iamuru jamaa alete nyaraka zinazohusu kesi. Hapo akificha, anaificha mahakama, si wewe. Ila jua mlango huo uko pande mbili, na yeye anaweza kuomba za kwako.

Nikuambie ukweli mwingine unaouma: Uganda kukaa pamoja hata miaka ishirini hakukufanyi mke kisheria. Kwa hiyo usiende pale kudai kama mke, utaanguka mapema. Dai kama mtu aliyeweka hela yake kwenye ile nyumba, hapo ndipo hizo meseji na steitimenti zinapokuwa na kazi. Kama kiwanja kina taito, yaani hati ya umiliki, muulize wakili kuhusu kuweka kaveti, yaani zuio kwenye hati hiyo, kabla jamaa hajauza. Hili la kaveti lisikae hata wiki. Matunzo ya mtoto ni dai lake lenyewe, halitegemei ndoa.

Huna hela ya wakili? FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake kwenye mambo haya, waendee. Waambie mapema kwamba ulizisoma hizo meseji, usiwafiche, na hiyo simu izime, mtafutie mtoto gemu nyingine, wakili akuambie irudishwe vipi. Ukishapata steitimenti niandikie tena, mwanangu, na mchana tafadhali, usiku ulale.