Usiziamini Karatasi za Gari, Iulize Injini Yenyewe

Hapa Lubumbashi, Volkswagen za zamani tunazoziita Coccinelle zimebadilishiwa injini mara nyingi mno, hata karatasi za gari hazitoshi kukuambia ununue vipuri gani. Gari nililorithi kwa marehemu baba limeandikwa 1300, yaani ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo. Kwa kuziamini karatasi hizo nilinunua seti ya pistoni na silinda za kipenyo cha milimita 77. Nilipofungua injini nikakuta za milimita 85.5, yaani za 1600. Muuzaji alikataa kuzipokea, na akiba yangu ya miezi miwili ikapotea.

Tangu siku hiyo ninaanza na namba. Fungua kifuniko cha nyuma na utazame chini ya dinamo, pale kiti chake kinapokaa juu ya bloku. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha umulike kwa tochi. Herufi F ni ya 1300, H ya 1500, AD ya 1600. Hata hivyo namba hiyo ni ya bloku tu. Silinda za 1500, zenye milimita 83, na zile za 1600 huingia katika bloku za aina moja, na fundi aliyetangulia huenda alizibadilisha bila kumwambia mtu. Pima kipenyo cha silinda kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, kabla ya kwenda sokoni.

Jambo linalonigusa zaidi ni valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 3, ile ya mbele upande wa kushoto. Katika kasha la feni la zamani, kama langu, kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa inayoielekea silinda hiyo, kwa hiyo hupata joto kuliko wenzake. Nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya ncha ya shina lake na mkono unaoisukuma ifunguke, katika injini yangu ni milimita 0.15, na huipima alfajiri injini ikiwa baridi kabisa, nikiandika kila kipimo katika daftari. Daftari hilo ndilo lililonishtua: mara tatu mfululizo bamba jembamba la kupimia mwanya lilikataa kuingia kwenye valvu hiyo moja, ilhali nyingine zote zilikuwa sawa.

Ukiona hivyo, usirekebishe skrubu ya kuweka nafasi hiyo na kuondoka. Nafasi inayojifunga tena na tena huweza kuonyesha kwamba shina la valvu linavutika, na mwisho wake kichwa hukatika na kuangukia pistoni. Niling'oa silinda hedi, au kulasi kama mafundi wetu wasemavyo, nikapitisha ukucha juu ya shina: karibu na kichwa lilikuwa limekonda. Nilibadilisha valvu zote nne za kutolea moshi, nikazisaga kwenye viti vyake hadi duara la kijivu likaonekana bila kukatika popote. Kazi ilichukua siku mbili, na pistoni hazikuwa na hata mkwaruzo.