Ukiangalia video za nadharia za jamii, weka daftari la mama karibu

Karibu mwaka mzima nilikuwa naangalia video za sosholojia, yaani elimu ya jamii, kila usiku kabla ya kulala. Nilikuwa nimeanza kazi ya ofisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata, na nilijua kwamba chuoni nilisoma kwa ajili ya mtihani tu, nadharia zilishanitoka. Nikaamua kuzirudia kwenye simu. Marx, Durkheim, Weber, wale waasisi wa somo hili, dakika kumi kumi, katuni zinapita, sauti inakimbia, na kila video ilipoisha niliona nimeelewa. Mpaka siku moja kwenye semina mwenzangu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, huu mshikamano wa kijamii anaousema Durkheim ni kitu gani hasa. Nikakosa la kumjibu. Kichwani nilikuwa na katuni ya watu walioshikana mikono, basi.

Wengi wanaojifunza kwa video hukwama palepale, wakaanza kudhani hawana akili ya nadharia. Akili wanayo. Shida ni kwamba mwalimu wa kwenye video ameshakufanyia kazi yote: amechagua mfano, ameuchora, ameujibu. Wewe umemfuata tu, na kumfuata mtu njiani hakukufanyi uijue njia.

Kilichonitoa hapo ni kaunta buku ya mama yangu. Imefunikwa kwa kalenda ya zamani, na ndani mama ameandika michango yote ya harusi na misiba ya familia yetu: jina, shughuli, kiasi. Sendofu ya dada yangu, mama fulani, 30,000 na doti moja ya kitenge. Msiba wa babu, jirani fulani, debe la mahindi. Jioni hiyo nilikuwa naangalia video kuhusu Marcel Mauss, mpwa wa Durkheim, ambaye mwaka 1925 alichapisha insha yake juu ya zawadi. Hoja yake ni kwamba zawadi huonekana ni ya hiari, lakini jamii imeifunga kwa wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mifano ya kwenye video ilitoka visiwa vya Pasifiki na kwa wenyeji wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika. Mama alikuwa pembeni anapekua daftari lake, kwa sababu kadi ya mchango ilikuwa imeletwa mchana.

Nikasimamisha video. Nikamuuliza, "Mama, hawa wote wanakudai?"

"Hili si deni, mwanangu," akasema. "Lakini usiporudisha, utaona."

Halafu akaongeza jambo ambalo lile somo halikuligusa. Yule mama aliyetoa 30,000 hatarudishiwa 30,000. Atapewa 40,000, au 30,000 na kitu juu yake, kwa kuwa ukirudisha ileile kamili unakuwa kama umemlipa, na mkishalipana mmemalizana. Hiyo ziada ndiyo inayouacha mlango wazi. Nililala nimemwelewa Mauss kuliko miezi yote iliyotangulia, na mpaka leo naweza kumweleza mtu yeyote, kwa Kiswahili, bila kufungua simu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo, ni huu: dhana moja ikishatajwa, simamisha video na usiendelee mpaka umeipata mtaani kwako. Usitumie mfano wa mwalimu, tafuta wa kwako. Ukiupata, uandike kwa mistari mitano au sita kwa lugha unayoongea nyumbani. Kiingereza kinaficha mengi. Unaweza kurudia neno la Kiingereza mara mia na usijue kama umelielewa, lakini ukijaribu kulisema kwa Kiswahili, pengo linaonekana papo hapo.

Ukiutafuta mfano kwa bidii, mara nyingine utakuta nadharia ni pana kuliko video ilivyoonyesha. Weber aligawa mamlaka halali katika aina tatu: ya mapokeo, ya mvuto wa mtu binafsi, na ya sheria na taratibu. Kwenye kata yangu nilizipata zote ndani ya siku moja, kwenye mgogoro wa kiwanja kimoja. Mzee wa ukoo alisikilizwa kwa kuwa ni mzee wa ukoo. Mhubiri mmoja alisikilizwa kwa kuwa watu wanaamini ana karama. Mtendaji alisikilizwa kwa sababu ya muhuri, na siku akihamishwa muhuri anauacha mezani. Hapo ndipo nilipoona kwamba aina hizi haziishi kwenye visanduku vitatu kama kwenye mchoro. Zinagombea uwanja mmoja.

Video nyingi fupi pia humfanya Weber aonekane mtu wa kuulalamikia urasimu tu. Mimi nashughulika na vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nimeona kina mama wakirudishwa mara tatu kwa kukosa sahihi moja kwenye muhtasari wa kikao, na inaumiza. Nimeona pia kikundi kikiokolewa na muhtasari huohuo, pale mweka hazina alipodai fedha fulani hazikuwahi kupitishwa. Weber aliyaona yote mawili: ule utaratibu wa mafaili na kanuni unaombana mtu ndio huohuo unaomkinga asiye na ndugu ofisini.

Kuhusu video zenyewe, fupi zina kazi yake. Mfululizo wa sosholojia wa Crash Course, ulioanza 2017 ukiongozwa na Nicole Sweeney, unafaa kwa kupata ramani ya somo. Ila anaongea haraka, kwa hiyo punguza kasi hadi 0.75 na uwashe maandishi ya chini. Ukishaipata ramani, hamia kwenye mhadhara mrefu. Mimi nilifuata kozi ya Iván Szelényi, profesa mzaliwa wa Hungary, aliyoifundisha chuo kikuu cha Yale mwaka 2009: mihadhara 25, kuanzia Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, hadi Durkheim, na yote inapatikana bure. Nilichukua mmoja kwa wiki. Lafudhi yake ni nzito na hakuna katuni hata moja, lakini unamsikia mtu akifikiri, anarudi nyuma, anakubali kwamba hoja fulani ina udhaifu. Video ya dakika kumi haina nafasi ya kufanya hivyo. Pakua kwa bando la usiku, kisha usikilize tu sauti ukiwa kwenye daladala.

Jambo dogo lililonipotezea muda mwingi ni majina. Nilikuwa nasikia "Fuko" na kuandika Fuko kwenye daftari, nikawa simpati popote, kumbe ni mwanafikra wa Ufaransa, na huandikwa Foucault. Bourdieu, Mfaransa mwingine, husikika kama "Budye". Weber kwa Kijerumani ni "Veba". Andika jina kama lilivyo kwenye maelezo chini ya video, na usiyaamini maandishi yanayojitokeza yenyewe, kwa sababu majina ya watu huyaharibu mno.

Liko jambo linalonigusa zaidi. Ukifuata video hizi peke yake utaamini kwamba fikra kuhusu jamii zilizaliwa Ulaya katika karne ya 19. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, na kufikia 1377 alikuwa ameandika kitabu chake, Muqaddimah, akieleza jinsi mshikamano wa kundi, anaouita asabiyya, unavyoinua dola na jinsi starehe za madaraka zinavyoulegeza. Mtafute. Tafuta pia mihadhara ya Issa Shivji, msomi wa Tanzania, mingine ameitoa kwa Kiswahili, na utaona uchambuzi wa kitabaka ukifanywa bila kukopa mfano kutoka Manchester, mji wa viwanda wa Uingereza.

Na zisikilize upya hotuba za Mwalimu Nyerere za mwaka 1995, safari hii kama mihadhara. Alieleza kwamba kinachowafanya Wazanzibari wajione Wazanzibari ni Muungano. Nje yake watabaki Waunguja na Wapemba, na upande wa pili Watanganyika nao watagundua kuwa wao ni Wachaga, Wasukuma, Wahaya. Nilikuwa nimeisikia hoja hiyo redioni tangu utotoni kama onyo la mzazi. Nilipoisimamisha pale na kuiandika kwa mistari sita, nikaona ni nadharia kamili ya utambulisho: kundi hujijua kwa kumtazama aliye ng'ambo ya mpaka, na mpaka ukisogezwa, kundi nalo hubadilika. Nikaanza kuorodhesha makundi ya kata yangu, wenyeji na wakuja, wa bondeni na wa mlimani, wenye hati na wasio na hati, na kando ya kila moja nikaandika ni lini watu hujiita hivyo na mbele ya nani. Ukurasa wa kwanza ulijaa kabla video haijaendelea.