Utamaduni Upewe Vipindi Vingapi? Jibu kwa Wanaoandaa Kituo cha Watoto wa Kihadzabe

SWALI: Mimi ni mjitolea katika chama kidogo wilayani Mbulu, Tanzania. Tunaandaa kituo cha elimu mbadala kwa watoto wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, wa upande wa Yaeda Chini, ambao wengi wao walianza shule ya bweni kisha wakatoroka. Mshauri mwelekezi ametuandalia "mtaala wa asili" wenye masomo ya uwindaji, urinaji wa asali, mizizi na ngoma, pamoja na kusoma na kuhesabu. Tunabishana juu ya uwiano. Utamaduni upewe vipindi vingapi kwa wiki? Na je, Kiswahili kiahirishwe mpaka watoto wazoee kituo?

JIBU: Ndugu msomaji, idadi ya vipindi vya utamaduni ninayoipendekeza kwa kituo chenu ni sifuri, na ninasema hivyo nikiwa miongoni mwa wanaoamini kwamba elimu ya watoto hawa haina budi kufuata maisha yao. Swali la uwiano ninaletewa karibu kila mradi wa aina hii unapoanza, na kila mara chanzo chake ni dhana ileile, kwamba utamaduni ni mada: kitu kinachoweza kukatwa vipande vya dakika arobaini, kukabidhiwa mwezeshaji na kupachikwa kwenye ratiba kati ya hesabu na usafi.

Watafiti waliokaa katika kambi za pembeni mwa Ziwa Eyasi tangu miaka ya 1980 wameandika kwa kina kwamba watoto wa Kihadzabe, hata wenye umri wa miaka mitano, hujitafutia sehemu ya chakula chao wenyewe, yaani matunda, ubuyu na mizizi isiyochimbiwa mbali. Hujifunza katika kundi la rika mchanganyiko, mdogo akimfuata mkubwa, pasipo mtu mzima kusimama mbele na kueleza. Mshauri wenu anataka mtoto huyo aketi kwenye benchi na kufundishwa, pengine na kijana aliyetoka mjini, namna ya kuutambua mzizi ambao bibi yake huupata kwa kugonga ardhi na kusikiliza. Atafundishwa anachokijua, kwa njia asiyoizoea, katika saa zilezile ambazo angekuwa porini akikijua zaidi. Kama mnaona uwindaji na urinaji wa asali ni elimu yenye thamani, waachieni watoto muda wa kuipata huko inakopatikana.

Kwa hiyo utamaduni unapaswa kuonekana katika mambo ambayo mtaala mliouziwa haukuyagusa: kituo kinafunguliwa lini, kiko wapi, nani anakaa na nani, lugha gani inaanza, na nani ana uwezo wa kusema hapana. Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kambi za Wahadzabe huhama na hubadilika ukubwa kulingana na maji, matunda, asali na wanyama. Kiangazi kinapokaza, watu husogea karibu na maji ya kudumu, na mvua zinaporudi hutawanyika. Muhula unaoanza Januari kwa sababu tu shule za serikali hufunguliwa Januari unaweza kuwakuta watoto wako mbali kabisa. Ni afadhali kuwa na vipindi vifupi vya masomo ya mfululizo, vya wiki chache, vitakavyopangwa baada ya kuziuliza kambi zenyewe mwaka wao unakwendaje, na wakubwa na wadogo wakae pamoja kama walivyozoea badala ya kutenganishwa kwa madarasa.

Mfano mzuri, japo wa wafugaji, ni mpango wa elimu ya msingi mbadala ulioanzishwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwaka 1998 na kujulikana kwa kifupi kama ABEK. Masomo yalifanyika alfajiri kabla ya mifugo kutoka na jioni baada ya kurudi, kwa lugha ya Wakaramojong, chini ya wawezeshaji waliotoka katika jamii yenyewe. Anayetaka kuuiga asichukue orodha ya mada zake za mifugo na malisho na kuiacha saa ya alfajiri, ambayo ndiyo iliyowaleta watoto.

Kuhusu bweni, msishangae kwamba watoto wametoroka. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika makazi ya kudumu, Yaeda Chini ikiwa mojawapo. Maradhi yalizuka, watu wakafa, na waliobaki wengi wakarudi porini. Mzazi anayemficha mtoto gari la shule linapofika hahitaji semina ya umuhimu wa elimu, kwani ana sababu zake na zinajulikana.

Suala la mamlaka limefanyiwa mzaha mkubwa zaidi. Miradi hupenda kuambatisha saini za "wazee wa mila", na nina hakika andiko lenu linazo. Wahadzabe hawana machifu, wala hawana baraza la wazee linaloweza kuamua kwa niaba ya kambi zote. Mambo huamuliwa kwa mazungumzo, na asiyekubali huondoka. Ukimteua mzee mmoja na kumpa kalamu, umemtengeneza kiongozi ambaye wenzake hawamtambui, na ridhaa uliyoipata ni ya mtu mmoja. Nendeni kambi kwa kambi, muongee na wanawake, na zaidi ya wote muwasikilize watoto waliotoroka, ambao katika maandiko mengi ya miradi wanatajwa kwa idadi tu. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, linasema katika ibara ya 14 kwamba jamii hizo zina haki ya kuanzisha na kusimamia mifumo yao ya elimu. Watu husoma "kuanzisha" na kuruka "kusimamia".

Kiswahili msikiahirishe. Wazazi wenyewe wanakihitaji wanapoongea na afisa wanyamapori, mfanyabiashara, mganga wa zahanati na mwenyekiti wa kijiji. Kosa la shule nyingi ni kudhani kwamba mtoto amekuja nacho, hivyo anafundishwa herufi kwa lugha ambayo bado anaitafuta maana. Kihadza, lugha ya Wahadzabe, hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote, na mtoto wa kambini hawezi kubahatisha maneno ya Kiswahili kama ambavyo mtoto wa Kinyaturu, ambaye lugha yake ni ya Kibantu kama Kiswahili, angeweza. Katika mwaka wa kwanza na wa pili, maelezo, hadithi na hesabu za mdomo ziwe kwa Kihadza kupitia msaidizi anayekizungumza tangu utotoni, na Kiswahili kifundishwe kwa makusudi kama lugha ya pili, kwa mazungumzo kwanza. Msikubali kuchapa vitabu vya Kihadza mwaka huu kwa tahajia ambayo mshauri ameibuni hotelini.

Mkishaondoa masomo ya ngoma, mtauliza mjaze nini. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya ardhi ya pamoja, na tangu hapo kuna mapato ya hewa ukaa, yaani malipo ya kuihifadhi misitu yao. Hati hiyo ina mipaka, mikataba ina vifungu, na mikutano ya kijiji ina mihtasari. Kijana anayeweza kusoma ramani ya ardhi yake, kukokotoa mgao wa kijiji na kubaini kwamba mhtasari umeandika jambo ambalo halikusemwa, anaulinda uwindaji na asali kuliko anayejua kuchora upinde kwenye daftari.

Hayo yote hayatakuwa na maana kama kituo hakina njia ya kutokea. Elimu mbadala isiyotambuliwa humpotezea mtoto miaka kisha humrudisha mlangoni. Kabla ya kununua hata chaki, muoneni afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri, ili darasa liandikishwe chini ya MEMKWA, mpango ulioanza mwaka 1999 kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, au liwe shule shikizi, yaani tawi dogo, ya shule ya msingi iliyo jirani. Hapo watoto watasajiliwa, watafanya upimaji wa kitaifa, na anayetaka kuendelea ataendelea. Muulizeni pia utaratibu wa sasa kwa mujibu wa Sera ya Elimu toleo la 2023, kwa kuwa muundo wa elimu ya msingi unabadilika.

Nasema haya kwa wasomaji wengine pia, wawe wanafanya kazi na Wabarabaig, Wamaasai au Wasamburu, kwa sababu biashara ya mitaala ya asili imekuwa kubwa. Nimewahi kupewa kukagua mtaala wa wawindaji ambao mazoezi yake ya hesabu yalihusu ngamia. Mwandishi alikuwa amebadilisha jina la kabila kwenye jalada na kusahau kurasa za ndani. Mshauri wa namna hiyo hukaa wiki mbili, hupiga picha za mikutano chini ya mti, huacha kitabu chenye rangi nzuri na kuondoka kabla muhula wa kwanza haujaanza. Mbaya zaidi ni vituo ambavyo, fedha za mfadhili zinapoisha, huanza kupokea magari ya watalii na kuwavalisha watoto ngozi ili wacheze. Mtaala wenye somo la ngoma mara tatu kwa wiki unakuwa umewaandaa vyema kwa kazi hiyo.

Kama hamjamlipa mshauri wenu awamu ya pili, mtakeni kwanza aeleze kwa maandishi kambi alizolala, majira aliyokwenda, na mtoto aliyemaliza kituo chake atafanya upimaji gani na katika shule ipi. Akishindwa kujibu, fedha hizo zitafaa zaidi kwa posho ya wasaidizi wawili wanaozungumza Kihadza, na chakula cha mchana katika wiki za masomo.